Susvara, LCD-5, Empyrean au Stealth: kuchagua hedifoni ya planari ya bei ya juu

Anayetafuta hedifoni ya planari ya dola 3,000 kwenda juu huwa ameshasoma sifa za kila aina na bado hajaamua. Si ajabu. Sifa hizo huandikwa kana kwamba wasikilizaji wote wana amplifaya moja, chumba kimoja na kichwa kimoja. Hapa tunaziweka bega kwa bega nne zinazotajwa sana: HiFiMan Susvara, Audeze LCD-5, Meze Empyrean ya kwanza, na Dan Clark Audio Stealth. Hakuna mbovu kati yao. Zinachotofautiana mno ni masharti: kila moja inadai kitu fulani kwako kabla haijakupa sauti uliyoilipia.

Kwa ufupi, planari ni utando mwembamba uliochorwa njia za metali na kutandazwa mbele ya sumaku, au katikati ya safu mbili za sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye njia hizo, utando mzima husukumwa kwa pamoja. Kwenye hedifoni za kawaida, koili ndogo husukuma koni. Kutokana na umbo hilo yanafuata mambo mawili yatakayorudi tena na tena hapa chini: ukinzani wa planari haupandi wala kushuka kulingana na noti inayopigwa, na besi yake huzama chini kabisa bila kupungua, ilimradi pedi zimeziba vizuri kichwani.

Vigezo

Tumezipima kwa mambo saba: nguvu inayodaiwa, besi, sauti ya mwimbaji, sauti za juu, ukubwa wa jukwaa (nafasi ambayo wapigaji huonekana kukaa masikioni), starehe kichwani, na matunzo. Takwimu za msingi ni hizi. Ukinzani ni jinsi hedifoni inavyozuia umeme, usikivu ni sauti inayotoka kwa nguvu ndogo iliyopewa, mgongo ni upande wa nje wa kikombe, na bei ni ile ya siku hedifoni ilipoingia sokoni:

| | Susvara | LCD-5 | Empyrean | Stealth |
|---|---|---|---|---|
| Mwaka | 2017 | 2021 | 2018 | 2021 |
| Bei (dola) | 6,000 | 4,500 | 3,000 | 4,000 |
| Ukinzani (omu) | 60 | 14 | 31.6 | 23 |
| Usikivu (dB kwa mW 1) | 83 | 90 | 100 | takriban 86 |
| Uzito (gramu) | 450 | 420 | 430 | 415 |
| Mgongo | wazi | wazi | wazi | umefungwa |

Angalia jina kamili kabla ya kulipa. Kuna Susvara Unveiled (2024), kuna Empyrean II (2023), na Stealth ina ndugu yake wa mgongo wazi aitwaye Expanse (2022). Hizo ni hedifoni nyingine, na muuzaji wa mtumba hatakukumbusha.

Kabla ya kulinganisha, sawazisha sauti

Hedifoni inayolia juu kwa desibeli 1 au 2 tu huonekana tamu zaidi hata kama si kweli. Sasa fikiria: kitasa cha sauti cha amplifaya kikiwa palepale, Susvara hulia chini ya Empyrean kwa karibu desibeli 20. Kuchomoa moja na kuchomeka nyingine bila kugusa kitasa ni kujidanganya. Kata kadibodi, toboa tundu dogo, weka maikrofoni ya simu upande mmoja na pedi upande wa pili, kisha cheza ule mvumo wa majaribio unaosikika kama mvua na usome programu ya kupimia desibeli. Namba yenyewe huenda si sahihi. Haidhuru, maana unachotaka ni hedifoni zote zifike namba ileile, zisipishane zaidi ya nusu desibeli.

Kisha sikiliza kila moja kwa dakika 20 bila kubadilisha, kwa sababu ubongo huzoea rangi ya sauti na kuiona ya kawaida. Halafu rudi kwenye ile ya kwanza. Mshtuko wa dakika mbili za kurudi hukufundisha kuliko saa nzima ya kuruka huku na kule. Chagua rekodi unazozijua kwa moyo: taarabu yenye kanuni, udi na fidla kwa ajili ya sauti za juu na mpangilio wa wapigaji, rumba yenye magitaa matatu yanayopishana, kwaya ya sauti nne, na kipande cha amapiano kwa ajili ya besi ya chini kabisa.

Nguvu: hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Chukua lengo la kilele cha desibeli 110. Hicho ni kishindo cha mara moja cha ngoma, si kiwango cha kusikilizia. Hesabu inatoka hivi:

Empyrean inahitaji miliwati 10, yaani volti 0.56. Adapta ndogo ya simu (ile ya kuchomekea hedifoni, si ya kuchaji) inayotoa volti 1 inaimudu na kubakiza. LCD-5 inahitaji miliwati 100. Volti ni 1.2 tu, lakini mkondo ni miliampea 85, na mkondo ndio unaozishinda adapta ndogo. Stealth inataka miliwati 250 hivi, volti 2.4 na mkondo unaozidi miliampea 100. Susvara inataka miliwati 500, volti 5.5, miliampea 91. Kwa maneno mengine, Susvara hula nguvu mara 50 ya Empyrean ili zilie sawa.

Usidanganywe na tangazo la “wati 2”. Soma zimepimwa kwa omu ngapi. Amplifaya inayotoa wati 2 kwenye omu 32 inafikisha volti 8. Volti hizohizo kwenye omu 60 za Susvara ni wati 1 na ushei. Kwa LCD-5 mambo hugeuka: volti zipo tele, lakini kwenye omu 14 amplifaya inaweza kugonga ukuta wa mkondo kabla ya kufika wati hizo. Tafuta namba ya omu 16, na isipokuwepo, ya 32, kisha uwe na shaka.

Amplifaya za taa (zinazotumia mirija ya kioo badala ya transista) zisizo na transfoma ya kutolea sauti hazifai hapa. Yenye ukinzani wa kutolea wa omu 100 itaifikishia LCD-5 kama asilimia 12 tu ya volti zake, zilizobaki zinaishia ndani ya amplifaya. Rangi ya sauti haitabadilika sana kwa kuwa ukinzani wa planari ni tambarare, ila utabaki na sauti ndogo na besi isiyo na mshiko.

Wenye Susvara wengi huishia kwenye amplifaya za spika, na kiufundi si wazimu: usikivu wake mdogo huficha mvumo wa amplifaya ambao ungeudhi kwenye Empyrean. Lakini kuna mtego. Amplifaya nyingi za spika za siku hizi haziruhusu waya hasi za kushoto na kulia kuunganishwa. Plagi ya kawaida ya hedifoni huziunganisha, na matokeo ni kuungua kwa amplifaya. Tumia waya wenye plagi ya duara iitwayo XLR, ya pini nne: pini 1 na 2 ni chanya na hasi ya kushoto, 3 na 4 ni chanya na hasi ya kulia, kila upande na njia zake. Anza kitasa kikiwa sifuri, sikuzote. Amplifaya ya spika haijui kwamba imefungiwa utando mwembamba kuliko karatasi.

Kwa walioko Tanzania na Kenya wanaoagiza amplifaya kutoka Marekani: hakikisha ina swichi ya volti nyuma na imewekwa kwenye 230 kabla ya kuichomeka. Iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee haisamehi.

Besi

Empyrean ndiyo nene kuliko zote. Besi yake ina nyama, na nyama hiyo hupanda kidogo hadi kwenye sauti za kati-chini, ndiyo maana gitaa la besi la rumba linajaa kifuani hata ukisikiliza kwa sauti ndogo. Anayetaka kusikia kila kidole kinavyoachia waya ataona kuna ukungu.

LCD-5 ni kinyume chake. Walioijua Audeze kwa hedifoni zake za awali, LCD-2 na LCD-3, hushtuka, maana uzito ule wa giza haumo. Kilichomo ni kasi: ngoma inapiga na kunyamaza. Susvara inazama chini bila kuongeza chochote, ikiwa imelishwa. Ikikosa nguvu, ndiyo ya kwanza kusikika nyembamba na legevu, na hapo wengi huilaumu hedifoni badala ya amplifaya. Stealth inafika chini kabisa kwa usawa, na kwa kuwa imefungwa, inaleta mgandamizo ambao mgongo wazi hauna.

Zote nne zinavumilia ikwalaiza (programu ya kupandisha au kushusha sehemu fulani ya sauti) ya besi bila kukwaruza, ila kila desibeli ina gharama yake. Kuinua besi kwa desibeli 3 ni kudai nguvu mara mbili. Susvara iliyokuwa ikitaka nusu wati sasa inataka wati 1 kwenye vishindo vya besi. Punguza pia sauti ya kuingilia kwenye programu kwa kiasi hichohicho, la sivyo vilele vitakatwa kabla hata havijafika kwenye amplifaya.

Na kabla ya kusema “besi hamna”, bonyeza vikombe taratibu kichwani. Besi ikirudi, tatizo ni pedi kutoziba: miwani yenye mikono minene, nywele za kusuka, shungi, au taya pana. Stealth huadhibiwa zaidi kwa pengo dogo, ikifuatiwa na LCD-5. Anayevaa miwani saa zote aende dukani nayo.

Sauti ya mwimbaji

Hapa zinagawanyika waziwazi. LCD-5 humleta mwimbaji mbele, karibu na paji la uso. Pumzi, mate, kona za maneno, vyote vinasikika, na kwa kughani au kwaya ndogo ni raha isiyo na mfano. Lakini eneo lake la kHz 3 hadi 4 lina msisitizo unaochosha kwenye rekodi kali. Kupunguza desibeli 2 au 3 hapo, kwa upana wa wastani (Q, yaani kipimo cha upana huo, kama 1.5), huitoa makucha bila kuiua. Tunaona ni hedifoni inayokusudiwa mtu asiyeogopa ikwalaiza.

Susvara humrudisha mwimbaji hatua mbili. Ana umbo kamili, sauti yake haina ukwaruzo, lakini yuko jukwaani na wewe uko kwenye kiti. Empyrean humrudisha vilevile, kwa sababu nyingine: sauti za kati-juu zimelainishwa, kwa hiyo rekodi mbaya zinasikilizika na mwimbaji wa kike hupoteza ukali kidogo. Stealth inamweka pale alipowekwa na fundi wa studio, bila kusifia wala kusamehe. Wapo wanaoiita kavu, nasi tunawaelewa.

Sauti za juu

Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ndiyo shahidi. Kwenye Susvara, kila waya unang'aa na kufifia polepole, hewa inabaki baada ya noti kwisha. Hiyo ndiyo sifa yake kuu, na watu hulipa maelfu kwa ajili ya hewa hiyo. Kwenye Stealth, kanuni hiyohiyo ni laini kupita matarajio, kwa sababu kati ya utando na sikio kumewekwa kipande chenye mirija na vishimo vilivyopimwa ili kufyonza miale inayogongana ndani ya kikombe. Vilele vikali vya sauti za juu vinavyosumbua hedifoni zilizofungwa vimepunguzwa sana. LCD-5 ina ukali wa mwanzo wa noti kuliko zote. Empyrean inatosha, haikosei, ila haikushangazi.

Jukwaa

Susvara ndiyo pana, na upana wake hauonekani wa kutengenezwa. Empyrean ni duara la kadiri, lenye kimo kizuri. LCD-5 ni ndogo: wapigaji wako karibu, lakini kila mmoja ana mpaka wake, na kwenye rumba yenye magitaa matatu mpaka huo una thamani kuliko upana. Stealth ni pana kwa hedifoni iliyofungwa. Usiilinganishe na Susvara kwa hilo.

Kichwani

Uzito wa zote unakaribiana, kwa hiyo gramu hazisemi mengi. Kinachoamua ni jinsi uzito unavyogawanywa. Empyrean ina mkanda mpana wenye umbo la mbawa unaotandaza uzito juu ya utosi, na pedi kubwa zisizogusa sikio. Kwa kikao cha saa tatu hatujui ya kuishinda. Susvara inafuata. LCD-5 inabana, na kubana huko ndiko kunakoifanya izibe. Stealth hukaa imara, lakini ni kikombe kilichofungwa: sikio linapata joto, na kwenye chumba kisicho na kiyoyozi Mombasa au Dar mwezi wa Februari utaivua kila nusu saa ufute jasho. Kwa joto, Empyrean ina nafuu nyingine: ilikuja na jozi mbili za pedi, moja ya ngozi na moja ya kitambaa cha Alcantara, na ya kitambaa hainati.

Matunzo na yanayoharibika

Pedi za Empyrean hushikwa na sumaku, unazibadilisha kwa sekunde mbili. Za Susvara hubanwa kwa pete. Za LCD-5 na Stealth hubandikwa kwa gundi, kwa hiyo kuzibandua ni kazi ya uvumilivu na pedi mpya mkononi, si mchezo wa kujaribu. Waya nazo hazikubaliani: LCD-5 na Empyrean hutumia XLR ndogo ya pini nne kila upande, Susvara hutumia plagi za mm 3.5, na Stealth ina kiunganishi chake cha kufunga. Usinunue waya wa bei mbaya kabla hujaamua hedifoni.

Tatizo linaloogopesha zaidi huwa ni dogo zaidi: unywele. Ukipenya wavu na kugusa utando, utasikia mkwaruzo kwenye besi tu, upande mmoja. Usipulize hewa ya kopo wala kuingiza kibano; upepo mkali unaweza kuukunja utando. Vua pedi, inamisha kikombe kiangalie chini, gonga taratibu kwa kidole, cheza sauti ya chini ya Hz 30 kwa kiwango kidogo ili utando utikisike. Usipotoka, mpelekee fundi.

Vumbi la chuma ni baya kuliko unywele, maana sumaku huling'ang'ania. Usiziweke kwenye meza yenye bisibisi na mabaki ya solda. Stealth uivae polepole: ukiikandamiza kwa ghafla, hewa iliyofungwa husukuma utando na utasikia mlio wa karatasi. Mlio huo peke yake si ugonjwa, ila usiufanye desturi. Pwani, unyevu huota ukungu kwenye ngozi na kulegeza gundi; sanduku lililofungwa na pakiti kadhaa za chembe za silika, zikaushwe kila zikilowa, vinatosha.

Jambo jingine ambalo mauzo hayalisemi: planari nzuri haina mkwaruzo hata ikiwa juu sana, kwa hiyo sikio halipati ile ishara ya kusema basi. Shirika la Afya Duniani linaweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukipandisha 3, saa hukatwa nusu.

Kwa hali yako

Unasikiliza kutoka kwenye simu au kompyuta, na bajeti ya amplifaya haipo: Empyrean. Tatu zilizobaki zitakuwa nusu hedifoni.

Unakaa na watu, feni inazunguka, mtoto amelala chumba hichohicho: Stealth, na tenga dola mia kadhaa za amplifaya ya mezani yenye mkondo wa kutosha. Zilizo wazi huvujisha muziki nje karibu sawa na spika ndogo, na hupokea kila kelele ya barabarani.

Unachanganya muziki studioni: chagua kati ya LCD-5 na Stealth. LCD-5 itakuonyesha kosa la uhariri na pumzi iliyokatwa vibaya. Stealth itakuambia ukweli zaidi kuhusu uwiano wa besi na sauti za juu. Anayerekodi mwimbaji chumba kimoja asifikirie LCD-5, kwani mlio utaingia kwenye maikrofoni.

Una chumba tulivu na amplifaya yenye wati 1 halisi kwenye omu 60, au uko tayari kuinunua: hapo ndipo Susvara inapoanza kuzungumzwa. Kama pesa ni dola 6,000 jumla, usinunue Susvara ukabaki na amplifaya dhaifu. LCD-5 pamoja na amplifaya ya dola 1,000 itakupendeza zaidi, labda uwe mtu wa orkestra na taarabu ya ukumbini, ambaye upana ni jambo la kwanza. Huyo anunue Susvara ya mtumba na asubiri amplifaya baadaye.

Unasikiliza saa nyingi kwa sauti ndogo usiku: Empyrean kwanza, Susvara pili. LCD-5 kwa sauti ndogo hupoteza besi kabla ya nyingine.

Kwa mtumba wowote, omba rekodi ya mpito wa sauti kuanzia Hz 20 hadi 200 kwa kila upande, sikiliza kama kuna mkwaruzo, linganisha kushoto na kulia, kisha uliza pedi zina miaka mingapi. Pedi zilizolala hushusha besi na kusogeza sikio karibu na utando, na utakachokuwa ukikisikia hapo si hedifoni uliyosoma habari zake.